Gari kuukuu linalozimika njiani: Saka chanzo kabla ya kununua kipuri

Na MWANDISHI WETU

GARI lisilowaka kabisa humpa fundi kazi nyepesi kuliko lile linalowaka vyema, likaenda kilomita kadhaa, likazima pasipo onyo, kisha baada ya nusu saa likawaka tena kana kwamba halina kasoro yoyote. La kwanza huonyesha ugonjwa wake waziwazi. La pili ni kama mtu mwenye homa ya vipindi: afikapo zahanati mwili umekwisha kupoa, naye daktari hana la kutegemea ila maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Tatizo hili huwaandama sana wenye magari makuukuu, na katika sehemu kama Hewani madhara yake si madogo. Hewani ni kijiji cha wakulima kilichoko kandokando ya Mto Tana, katika eneobunge la Garsen, Kaunti ya Tana River. Gari lilelile linalobeba mpunga, maembe na ndizi mchana ndilo linaloweza kubishiwa hodi usiku ili limkimbize mama mjamzito hospitalini. Likizima katikati ya njia, kinachopotea si muda peke yake.

Aidha, kuna suala la gharama. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na kipuri kinachokosekana Malindi hulazimu kuagizwa kutoka Mombasa. Mwenye gari anayebadilisha koili leo, pampu kesho na kabureta keshokutwa kwa kubahatisha huweza kumaliza akiba yake yote, ilhali kasoro yenyewe ilikuwa waya mmoja uliolegea.

Makala haya yanaeleza namna ya kukitafuta chanzo kwa utaratibu. Kanuni kuu ni moja: kasoro inayokuja na kuondoka hutafutwa wakati ipo. Yaani, upimaji wenye faida ni ule unaofanywa gari likiwa limezima, si baada ya kuwaka tena.

Mahitaji ya injini

Injini ya petroli huhitaji mambo manne ili ifanye kazi. Huhitaji hewa, petroli, cheche ya umeme inayotokea kwa wakati ufaao, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Injini iliyokuwa ikinguruma vizuri, ikazima ghafla, kisha ikawaka tena, ni nadra kuwa imepoteza mgandamizo, kwa maana pistoni na ringi zilizolika hazijirekebishi zenyewe dereva akiwa amepumzika chini ya mwembe. Kwa hivyo, washukiwa wakuu hubaki wawili: ama cheche imekatika, ama petroli haifiki.

Magari makuukuu yaliyoko barabarani yanaweza kugawanywa katika makundi mawili. La kwanza ni la yale yanayotumia kabureta na distributa yenye pointi, mfano ukiwa Peugeot 504, gari lililozinduliwa mwaka wa 1968 na lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. La pili ni la yale ambayo petroli hupulizwa na injekta chini ya usimamizi wa kompyuta, kama zilivyo Toyota Corolla nyingi za miaka ya 1990. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu litengenezwe, lakini likishaingia huweza kuendeshwa kwa miongo kadhaa. Hivyo basi, hata magari yenye kompyuta sasa yamezeeka.

Vifaa vya makundi haya mawili vinatofautiana, lakini maswali ya kuyauliza ni yaleyale.

Usalama kwanza

Injini ikizima gari likiwa mwendoni, jambo la kwanza si kufikiria chanzo bali kuokoa maisha. Breki zenye kisaidizi cha ombwe hubaki na nguvu ya kukanyagwa mara moja au mbili tu, kisha kanyagio huwa gumu. Kwa hiyo, zikanyage mara moja kwa uthabiti badala ya kuzipigapiga. Usukani unaosaidiwa na pampu nao huwa mzito, ingawa bado unageuka. Usichomoe ufunguo kabla gari halijasimama kabisa, maana usukani unaweza kujifunga.

Liondoe gari barabarani, washa taa za tahadhari, na uweke vibao vya pembetatu mbele na nyuma. Hadhari hii ina uzito zaidi katika barabara ya kutoka Garsen kuelekea Lamu, ambako katika vipindi mbalimbali magari ya abiria yamelazimika kusafiri kwa misafara iliyosindikizwa na polisi. Gari linalozima ovyo si la kupelekwa katika safari kama hiyo kabla halijatengenezwa.

Dereva ndiye shahidi

Fundi hakuwepo gari lilipozima. Dereva alikuwepo. Ushahidi wake ukiwa mzuri, nusu ya kazi imekwisha. Mambo yafuatayo yanafaa kuandikwa katika daftari dogo linalokaa ndani ya gari:

Kwanza, je, injini ilikatika mara moja kama taa iliyozimwa, au ilikohoa, ikapoteza nguvu na kufa polepole? Kukatika mara moja kwa kawaida huelekeza kwenye umeme. Kukohoa na kufa polepole kwa kawaida huelekeza kwenye petroli, kwa sababu kiasi kilichobaki ndani ya kabureta au kwenye mabomba huendelea kutumika hadi kimalizike.

Pili, je, taa za dashibodi zilifanyaje? Ikiwa zote zilizimika pamoja na injini, umeme wa gari zima ulikatika, na wa kushukiwa ni vichwa vya betri, fyuzi kuu au swichi ya ufunguo. Ikiwa taa ya oili na ile ya betri ziliwaka, basi umeme ulikuwapo na injini ndiyo iliyokoma.

Tatu, kwa gari lenye kipimo cha mizunguko ya injini, mshale wake ulifanya nini? Gari likiwa bado linabiringika na gia imeingizwa, magurudumu huendelea kuizungusha injini. Mshale ukianguka hadi sufuri papo hapo wakati huo, ishara ya umeme inayoamrisha cheche imepotea. Mshale ukishuka polepole pamoja na mwendo wa gari, huenda umeme u salama na petroli ndiyo iliyokosekana.

Nne, hali ilikuwaje? Andika kama injini ilikuwa baridi au moto, kama ni jua kali au baada ya mvua, kama gari lilikuwa likipanda, likikata kona, likipita kwenye mashimo au limesimama tu, na petroli ilikuwa kiasi gani tangini.

Tano, ilichukua muda gani hadi likawaka tena? Gari linalowaka baada ya sekunde chache na linalosubiri dakika 30 hayana ugonjwa mmoja.

Dakika tano za kwanza

Madereva wengi gari likizima hufungua boneti, wakangoja lipoe, likawaka wakaenda zao. Subira hii, japo inawafikisha nyumbani, ndiyo inayofuta ushahidi.

Tazama mifano mitatu. Koili yenye kasoro ikipata joto, waya mwembamba ulio ndani yake hutanuka na kuachana. Ikipoa, hugusana tena. Petroli iliyogeuka mvuke ndani ya bomba lililo karibu na injini hurudi kuwa majimaji joto likipungua. Kutu na taka zilizovutwa zikaziba mdomo wa bomba ndani ya tangi huachilia na kuzama chini mvuto ukikoma. Kasoro hizi tatu hazina uhusiano wowote, lakini zote humpa dereva kisa kimoja: lilizima, nikangoja, likawaka. Njia ya kuzitenganisha ni kupima mara tu gari linapozima.

Anza na cheche. Beba plagi moja ya akiba iliyo safi. Chomoa waya wa plagi mojawapo ya injini, uuchomeke kwenye plagi hiyo ya akiba, kisha uifunge au uiegemeze vyema kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na kabureta na mabomba ya petroli. Mwombe mtu apige stata kwa sekunde chache huku ukitazama. Cheche ya rangi ya samawati inayosikika ikilia ni njema. Cheche hafifu ya manjano au nyekundu, au kutokuwapo kwa cheche kabisa, ni ushahidi kwamba tatizo ni la umeme.

Usiishike plagi kwa mkono wakati wa jaribio hili, kwani umeme wake hufikia maelfu ya volti. Usilifanye kabisa ikiwa kuna harufu kali au matone ya petroli. Wala usipige stata huku waya wa plagi ukining'inia bila kugusa kitu, hasa katika magari yenye mfumo wa elektroniki, kwa sababu unaweza kuiharibu koili au kifaa kinachoiamrisha.

Fuatisha petroli. Katika gari la kabureta, injini ikiwa imezimwa, toa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia koo la kabureta na uusukume mkono unaovutwa na kanyagio la mafuta. Mrija mwembamba wa petroli ukichuruzika kwa nguvu, kabureta ina petroli. Kusipotoka kitu, petroli haifiki.

Katika gari la injekta, sikiliza pampu iliyo ndani ya tangi. Katika magari mengi huvuma kwa sekunde mbili hivi swichi inapofunguliwa. Katika baadhi ya Toyota za zamani haivumi hadi stata ipigwe, kwa hiyo mtu mmoja apige stata na mwingine aweke sikio karibu na tangi.

Baada ya majaribio haya mawili, ambayo hayazidi dakika tano, utakuwa umejua upande wa kuelekea. Liandike jibu kwenye daftari hata kama gari litawaka dakika inayofuata.

Ikiwa cheche haipo

Anza na vitu vya bure. Vichwa vya betri vikishikwa kwa mkono havipaswi kutikisika, wala havipaswi kuwa na unga mweupe au wa kijani. Waya mnene unaounganisha betri na bodi, pamoja na ule unaounganisha bodi na injini, huoza ndani huku nje ukionekana mzima. Gari linalozima likipita kwenye mashimo, kisha likawaka papo hapo, lina dalili ya muungano uliolegea.

Swichi ya ufunguo nayo huchakaa, hasa pale ufunguo unaponing'inizwa pamoja na funguo za nyumba, za ghala na za kufuli. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, utikise ufunguo kidogo pasipo kuuzungusha. Injini ikisita, mshukiwa amepatikana.

Kwa magari ya pointi, taa ndogo ya kupimia umeme ya volti 12 inatosha. Funga waya wake mmoja kwenye chuma cha injini na ugusishe ncha yake kwenye upande chanya wa koili, swichi ikiwa imefunguliwa. Isipowaka, umeme hauifikii koili, na kasoro iko kwenye swichi, fyuzi au nyaya. Ikiwaka, ihamishie upande hasi huku stata ikipigwa. Ikimetameta, pointi zinafanya kazi na wa kuchunguzwa ni koili yenyewe, waya wake mkuu, kifuniko cha distributa na rota. Ikibaki imewaka au imezimika bila kumeta, kasoro imo ndani ya distributa.

Ndani humo, pointi huungua na mwanya wake hubadilika. Katika injini nyingi za enzi hiyo mwanya unaofaa ni takriban milimita 0.4. Kondensa ikifa injini ikiwa moto, cheche hudhoofika na pointi huungua haraka. Lakini kuna mhalifu mmoja anayesahaulika mara nyingi. Ni ule waya mfupi unaounganisha pointi na nje ya distributa. Sahani iliyobeba pointi husogea kila mara dereva anapokanyaga au kuachilia mafuta, na waya huo hupindwapindwa maelfu ya mara. Nyuzi zake za shaba hukatika ndani ya ganda ambalo kwa macho ni zima. Uvute taratibu kwa vidole. Ukirefuka kama mpira, umekatika.

Koili isiyo na kizuizi cha nje huwa na ukinzani wa takriban omu 3 kati ya upande chanya na hasi, na ile inayotumia kizuizi huwa na omu 1.5 hivi. Ipime kwa mita ya umeme ikiwa bado moto. Koili iliyopoa inaweza kutoa namba nzuri na bado ikamwacha mwenye gari msituni siku inayofuata.

Kwa magari ya kompyuta, mshukiwa mkuu ni sensa ya krenki, ile inayoijulisha kompyuta kwamba injini inazunguka. Sensa hii ikikatika kwa sababu ya joto, cheche na petroli hukoma kwa pamoja, na mshale wa mizunguko huanguka. Kwa hiyo, ukikosa vyote viwili katika gari la aina hii, usikimbilie kununua pampu na koili. Tazama kwanza sensa, pamoja na rilei kuu inayoipa kompyuta umeme. Lehemu zilizo ndani ya rilei kuukuu hupasuka nyufa nyembamba zinazoachana kukiwa na joto.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 humwambia fundi kasoro zenyewe. Kwenye kisanduku kidogo cha kupimia kilicho chini ya boneti, tundu lenye maandishi TE1 huunganishwa na lile la E1 kwa kipande cha waya, kisha swichi hufunguliwa bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi itametameta. Ikimeta mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kasoro iliyohifadhiwa. Namba 12 au 13 huelekeza kwenye ishara ya mzunguko wa injini, na 14 kwenye kifaa kinachoamrisha koili. Hakikisha matundu ni yenyewe kabla ya kuyaunganisha, na usiondoe waya wa betri kabla ya kusoma namba hizo, maana zitafutika.

Baada ya mvua au kuvuka maji, koili, nyaya za plagi na kifuniko cha distributa vinaweza kulowa. Wakazi wa Tana River hawahitaji kukumbushwa kuhusu maji barabarani. Mafuriko ya 1997 na 1998 yaliyoletwa na El Nino, na yale ya 2018 na 2023, yote yaliwaathiri. Fungua kifuniko cha distributa, kipanguse ndani na nje kwa kitambaa kikavu, na ukitazame kama kina ufa mwembamba mweusi. Ufa huo ni njia ya umeme kutorokea, na dawa yake ni kifuniko kipya.

Ikiwa petroli haifiki

Fungua kifuniko cha tangi kabla ya chochote kingine. Tangi linapotumika, hewa sharti iingie kuchukua nafasi ya petroli iliyotoka. Kipumulio kikizibwa na vumbi, au kifuniko halisi kikipotea na kuwekwa kisichofaa, ombwe hujitengeneza tangini hadi pampu ikashindwa kuvuta. Ukisikia mlio mkubwa wa hewa ikifyonzwa, na gari likawaka baada ya hapo, tatizo limetatuliwa pasipo gharama.

Pili ni taka. Petroli inayouzwa kwa mitungi ya plastiki au chupa kandokando ya barabara huweza kuja na mchanga, na tangi kuukuu hutoa kutu lake lenyewe. Dalili yake ni gari kuzima zaidi likienda kasi au likiwa na mzigo, na zaidi tangi linapokaribia kuisha. Badilisha chujio la petroli. Ni la bei nafuu. Lipasue lile kuukuu, ulimimine juu ya kitambaa cheupe na uone kilichomo. Chujio jipya likijaa taka baada ya siku chache, hakuna budi kulishusha tangi na kulisafisha.

Tatu ni maji. Chukua petroli kutoka kwenye kikombe cha kabureta au chini ya tangi, uitie katika chupa nyeupe ya kioo na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatajitenga chini kwa mstari unaoonekana. Gari lenye maji tangini huweza kuzima likikata kona au kupanda, maji yanaposogea hadi kwenye mdomo wa bomba.

Nne ni uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa. Mwezi wa Septemba 2018, serikali ilianza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa ikiwavutia wachanganyaji. Petroli iliyochanganywa huifanya injini iwe ngumu kuwaka asubuhi, igonge ikipanda na itoe moshi. Ikiwa matatizo yalianza mara tu baada ya kujaza mafuta mahali fulani, hilo nalo liandikwe.

Tano ni mvuke. Petroli ina sehemu zinazoanza kuchemka katika nyuzi 40 au chini yake, na chini ya boneti siku ya jua kali joto hupita kiwango hicho kwa mbali. Magari ya kabureta ndiyo yanayoathirika zaidi, kwa sababu pampu yao iko juu ya injini na huvuta petroli kutoka mbali. Funga kitambaa chenye maji kwenye pampu na bomba lake. Gari likiwaka mapema kuliko kawaida, mvuke umethibitika. Kiweke kitambaa mahali pamoja tu. Ukilowesha pampu na koili kwa pamoja, hutajua ni ipi iliyopona. Usimwagie injini moto maji baridi, maana chuma kinaweza kupasuka. Tiba ya kudumu ni kulisogeza bomba mbali na bomba la moshi, kurudisha kinga ya joto iliyopotea na kuhakikisha rejeta inapoza ipasavyo.

Yote hayo yakishakaguliwa, ndipo pampu ishukiwe. Pampu ya kabureta hutoa shinikizo dogo, takriban bar 0.2 hadi 0.3. Ya injekta nyingi hutoa bar 2.5 hadi 3, na hupimwa kwa geji. Pampu ya umeme inayonyamaza, kisha ikavuma tangi likigongwa taratibu kwa mkono, imekaribia mwisho wake. Hata hivyo, pima kwanza kama umeme unaifikia, kwani waya uliooza nyuma ya gari huzaa dalili hiyohiyo.

Linapozima likisimama tu

Kuna magari yanayokwenda vizuri barabarani lakini huzima kila dereva anapoachilia kanyagio, kwa mfano kwenye makutano ya barabara. Hapa cheche na pampu kwa kawaida hazina hatia. Katika kabureta, kitundu chembamba kinachopitisha petroli ya mwendo wa chini huwa kimeziba. Katika injekta, njia ya hewa ya mwendo wa chini na mlango wa hewa hujaa masizi, na huhitaji kusafishwa kwa dawa yake.

Pia kunaweza kuwa na hewa inayoingia kwa njia isiyo halali kupitia mpira uliopasuka au gasketi iliyolegea. Sikiliza mlio wa kufyonza, kisha ubane mipira midogo mmoja mmoja. Mwendo wa injini ukibadilika, ufa umepatikana. Ikiwa hali hii hutokea injini ikiwa moto pekee, mwanya wa valvu nao upimwe, kwani valvu zilizokazwa mno hushindwa kufunga vyema na mgandamizo hupungua.

Magari ya dizeli

Injini ya dizeli haina plagi za cheche, kwa hivyo maswali hupungua. Mshukiwa wa kwanza ni hewa inayoingia kwenye mabomba kupitia viungo vilivyolegea, wa pili ni chujio lililojaa taka au maji, na wa tatu ni swichi ya umeme inayofunga mafuta kwenye pampu. Swichi hiyo hulia kwa mlio mfupi ufunguo unapofunguliwa. Ikikosa kulia, angalia waya wake. Ili kuigundua hewa, weka kipande cha bomba linaloona ndani kabla ya pampu. Mapovu yanayopita hujieleza.

Thibitisha kabla ya kulipa

Gari likishatengenezwa, usiridhike kwa kuwa limewaka gerejini. Lilikuwa likiwaka hata kabla ya kutengenezwa. Liendeshe katika hali ileile iliyoandikwa kwenye daftari: mchana wa jua, mzigo uleule, kiasi kilekile cha petroli, umbali uleule, lakini karibu na nyumbani. Badilisha kipuri kimoja kwa wakati mmoja, na uombe kurudishiwa kile cha zamani. Kipuri kipya kisipomaliza tatizo, huenda cha zamani kilikuwa kizima na kinaweza kuhifadhiwa kama akiba.

Vifaa vya kubeba si vingi: plagi moja safi, taa ya kupimia, fyuzi, chujio moja la petroli, bisibisi, spana chache, koleo, kipande cha waya, kitambaa, maji, tochi, na daftari lenye kalamu. Mzigo huu hutosha ndani ya mfuko mmoja.

Ukifika kwa fundi, usimwambie "gari lina pampu mbovu" kwa kuwa jirani alisema hivyo. Mwambie ulichokiona: lilizima ghafla saa saba mchana baada ya mwendo wa dakika 40, mshale ukaanguka, cheche haikuwapo, petroli ilichuruzika, likawaka baada ya dakika 25. Fundi mwenye ujuzi akipata maelezo kama hayo ataanza na koili na distributa, wala hataligusa tangi. Mwenye gari naye atasafiri hadi Malindi mara moja, kununua kitu kimoja, akiwa na hakika kwamba ndicho kinachohitajika.